Mzinga Hauna Miguu

Kijana wa jirani yangu hapa Nyarugusu anapenda silaha. Vita havipendi, alivikimbia akiwa na miaka saba, kashikwa mkono na dada yake. Ila silaha anazipenda kama wenzake wanavyopenda timu za mpira. Kwenye simu yake kuna picha za vifaru, ndege na mizinga, na chini ya kila picha maelezo: uzito, urefu wa mtutu, kombora linafika kilomita ngapi, ulitumikia jeshi gani kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani. Juzi kaja na picha mpya, macho yanamng'aa. "Mwalimu, huu ulipigana huku huku kwetu! Ulitoka Rufiji ukatembea mpaka Kondoa. Mwenzake akaja mpaka Kigoma." Nikamwuliza: ulitembea? Akasema ee, si imeandikwa hapa.

Nikamwambia akae chini.

Nilifundisha shule ya msingi Makebuko, kusini-mashariki ya mji wa Gitega, miaka kumi na mmoja. Waliopita kwangu wanajua kwamba kosa la tahajia naweza kulisamehe, lakini kitenzi kilichopotelewa na mwenyewe sikisamehe. Mzinga hauna miguu. Haukutembea, haukusafiri, haukuvuka mto, haukupanda mlima. Na hata ukiniambia "ulivutwa", bado nakusubiri. Kwenye Kiswahili, ukisema kitu kimetendwa, anayekusikiliza anangoja "na". Ulivutwa na nani? Hilo "na" ndilo ugomvi wangu, na nataka kugombana na watu wa aina mbili: wanaosimulia vita kama maisha ya chuma, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaoandika ripoti. Msikasirike mapema, nitawafikia.

Kwanza mizinga yenyewe. Nitaieleza vizuri, asije mtu akasema mwalimu anaichukia kwa sababu haijui. Ilikuwa kumi, ya manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Mdomo milimita 105, mtutu wa zaidi ya mita nne. Mtutu peke yake, bila kitako, ulipita tani moja na nusu. Haikutengenezwa ili iende popote: ilifungwa juu ya meli, na meli ndiyo iliyoibeba. Tarehe 20 Septemba 1914 mizinga hiyo ndiyo iliyoizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar. Kisha Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, hadi Julai 1915. Waingereza wakaleta meli mbili zinazoweza kupita maji mafupi, Severn na Mersey, wakaipiga tarehe 6 wakashindwa, wakarudi tarehe 11 wakaimaliza. Nahodha wake, Max Looff, akaamuru watu wake waizamishe wenyewe.

Ingeishia hapo. Lakini Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari, silaha nzito hawana. Wakaitoa mizinga kwenye meli, ikapelekwa Dar es Salaam, na huko karakana zikaiundia magari ya magurudumu ili ikokotwe. Basi mizinga ya baharini ikawa mizinga ya nchi kavu. Mmoja uliishia Kahe, Machi 1916. Kondoa Irangi ilipiga Mei mwaka huohuo. Mmoja uliletwa Kigoma, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen. Mmoja baada ya mwingine ikaachwa njiani au ikalipuliwa na wenyewe isije ikachukuliwa na adui, na von Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917 hakuwa nao hata mmoja.

Haya yote yanajulikana. Mtafiti Kevin Patience kaandika kitabu kizima juu ya meli hiyo, na wapo watu duniani wanaofuatilia mzinga mmoja mmoja, huu ulifia wapi, ule uko wapi. Leo ukitaka kuiona, nenda Fort Jesus Mombasa, mmoja upo, na karibu yake kuna mzinga wa Pegasus aliyezamishwa. Mwingine uko Pretoria, kwenye majengo ya serikali. Mwingine Jinja, Uganda. Chuma kina anwani.

Sasa tuje kwenye kamba.

Penye reli mzinga ulipanda treni, hilo sawa. (Na reli yenyewe kutoka Dar mpaka Kigoma, iliyofika ziwani 1914, haikujilaza yenyewe chini. Lakini hiyo ni makala nyingine.) Pasipo reli, Ulaya wangefunga farasi, au ng'ombe. Huku ndorobo wanaua ng'ombe, wanaua farasi, wanaua nyumbu. Mnyama wa pekee aliyekuwa hafi haraka kwa ndorobo alikuwa mtu. Basi wakafungwa watu. Mamia kwa mzinga mmoja. Kamba ndefu mbele, safu mbili, wanavuta kwa kuitikiana. Kuteremka ndiko kubaya zaidi kuliko kupanda, maana hapo wengine lazima warudi nyuma waishike kamba ya nyuma, na mzinga ukishinda nguvu yao hausimami, unapita juu ya walio mbele. Kando ya magurudumu wapo wenye magogo, kazi yao kuyatega kila wakipumzika. Mbele kabisa wapo wanaokata miti na kuilaza juu ya tope. Masika ya 1916 yalikuwa mabaya sana, Kondoa watu walikaa kwenye maji wiki na wiki.

Kwetu Makebuko tunajua ingovyi. Mgonjwa akizidiwa, watu wanne wanamweka begani, wanne wengine wanafuata nyuma kupokezana, na kilima kikiwa kikali wote wanane wanaingia. Mgonjwa huyo ana kilo sitini, labda hamsini kama kaumwa siku nyingi. Mtu yeyote aliyewahi kubeba ingovyi kutoka mlimani mpaka kituo cha afya achukue hesabu hiyo, aweke tani moja na nusu ya mtutu, aongeze kitako na magurudumu ya chuma, kisha apige mwenyewe. Mimi nilipiga nikaacha katikati.

Halafu kuna makombora. Moja lilizidi kilo 17. Ukiongeza ganda la shaba na baruti iliyo ndani yake, huo ni mzigo kamili wa kichwa cha mtu mmoja. Yaani mtu anatoka kwao, anatembea wiki tatu, mvua yake, jua lake, kichwani kombora moja tu. Anafika, analitua, linaingizwa, bum. Sekunde moja. Na kama halikumpata mtu, basi ndiyo hivyo, limechimba shimo. Yeye anarudi kuchukua lingine.

Na huyo mtu anakula. Hapa ndugu wa mashirika mtanielewa kuliko wote, maana hesabu hii ndiyo kazi yenu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Safari ni siku kumi kwenda na kumi kurudi. Kilo ishirini kazila mwenyewe, zilizofika ni tano. Safari ikiwa ya siku kumi na tatu, hakifiki kitu, kabeba chakula chake mwenyewe matembezi. Jeshi lifanye nini? Ama limwongeze mzigo, ama limpunguzie chakula. Walifanya yote mawili. Sisi tuliokuwa hapa mgao ulipokatwa mwaka 2023 tunajua mtu anakuwaje akila nusu, na tulikuwa tumekaa, hatukufungwa kamba ya mzinga begani.

Ndiyo maana wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa mapafu, kwa njaa. Upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria wabebaji waliokufa kuwa karibu laki moja. Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili katika vita vile. Wajerumani ndio waliohesabu kidogo kuliko wote, na vita ilivyozidi kuwa vibaya ndivyo walivyokamata watu njiani bila kuandika wala kulipa.

Na sisi Warundi tusijifanye hii ni hadithi ya Wanyamwezi na watu wa pwani. Wajerumani walihamishia makao yao ya Urundi Gitega mwaka 1912. Juni 1916 Wabelgiji wakaingia Usumbura, siku chache baadaye Gitega, na Septemba walikuwa Tabora. Jeshi haliendi Tabora kwa maombi. Lina mizinga midogo ya milimani inayofunguliwa vipande, lina risasi, lina mahema, lina chakula cha wakubwa kwenye makopo. Nani aliyebeba vitu hivyo kutoka milima ya Gitega, kama si watu wa milima ya Gitega? Bibi yangu aliyenilea alikuwa akisema baba yake alikwenda "na mizigo ya Wazungu" upande wa jua linakotoka, akarudi baada ya misimu miwili na kipara cha duara katikati ya utosi, nywele hazikuota tena pale. Waliondoka naye wanaume sita wa mlima wetu. Waliorudi wawili. Hao wanne bibi alikuwa akiwataja kwa majina kila mwaka mtama unapopondwa kwa ajili ya pombe, na mimi mjinga, mtoto wa shule, nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Leo nakumbuka jina moja tu. Matatu nimeyapoteza mimi, si Mjerumani wala Mbelgiji, na nakiri hapa mbele yenu.

Watu wananijibu hivi: mwalimu, majina hayo hayakuandikwa, utayatoa wapi? Ni jibu la upole lakini si la kweli. Mengi yaliandikwa. Waingereza walikuwa na madaftari, mbebaji alikuwa na namba na alitakiwa kulipwa mshahara, hata kama mdogo. Tunajuaje? Kwa sababu vita vilipoisha kulibaki fedha nyingi za mishahara ya waliokufa ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua, na serikali ilibishana miaka mingi izifanyie nini. Familia hazikuzipata. Ukiwa na deni la mtu, unalo jina lake. Waliokosa ni wa kulitafuta tu.

Na angalia nani aliyetafutwa. Lettow-Vorbeck alirudi Berlin 1919 akapokelewa kama shujaa, "hakushindwa", mpaka leo wapo wanaolirudia neno hilo. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa askari wake wazee wa Kiafrika waliokuwa bado hai fedha zao za zamani. Vizuri, si haba. Lakini malipo yale yalikuwa ya askari. Aliyeshika bunduki alitafutwa baada ya miaka karibu hamsini. Aliyeshika kamba hakutafutwa. Nairobi kuna sanamu ya vita ile, na mbebaji kasimama pale pamoja na askari, maandishi yanasema wabebaji walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Lakini miguu na mikono havina jina, jina liko usoni. Dar es Salaam wabebaji wamebaki kwenye soko: Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wabebaji, kilichopita kwenye mdomo wa Mswahili. Kila siku maelfu wanakwenda Kariakoo kununua vitenge, na hawajui wanatamka nini.

Kijana wangu akasema, "Lakini mwalimu, hiyo ni zamani." Hapo ndipo nilipomsimulia jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Vita vyetu wenyewe, vya baada ya 1993, nilikuwa kijana. Usiku mmoja walikuja watu wenye bunduki mlimani kwetu. Sisemi wa upande gani, na msinitafutie, maana pande zote zilifanya hivyo na kila msomaji wa Kirundi anajua. Walikuwa na kombora, lile bomba fupi linalosimamishwa kwa miguu miwili, na sahani yake ya chini nzito kama jiwe la kusagia, na masanduku ya risasi zake. Walitaka mabega. Wakachukua wanaume watano, kaka yangu mkubwa akiwemo. Aliondoka na viatu vya plastiki na shati la kulalia. Walimpa sahani.

Alirudi siku ya tisa. Bega la kulia lilikuwa wazi mpaka nyama, sahani ilikuwa inakaa hapo hapo kila siku. Hakupigwa, hakupigwa risasi, kwenye orodha yoyote ya vita yeye si majeruhi. Mwenzake mmoja aliyeteleza na sanduku kwenye mto hakurudi. Miezi kadhaa baadaye redio ikasema kwamba mahali fulani "palishambuliwa kwa makombora kutoka mlima fulani". Kaka akazima redio, akasema neno moja kwa Kirundi ambalo mhariri hatalipitisha. Yeye ndiye aliyelipandisha lile kombora kwenye ule mlima. Na hili nalo lilimtesa kuliko bega: kwamba kabeba kitu kilichokwenda kuua watu wa mlima mwingine, watu kama sisi, na hakukitupa. Nilimwambia ungekitupa wangekuua. Akasema najua. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Jina lake silitaji. Bado tuna watu Makebuko.

Sasa nyinyi wa mashirika. Mnasema, mwalimu, sisi tunahusikaje, sisi tunaleta unga, si mizinga. Kweli. Na unga mnauleta, nimekula miaka yote hii, shukrani sizifichi. Lakini angalieni vitenzi vyenu. Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na ripoti ya shirika moja, silitaji, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri: tani kadhaa "zilipokelewa, zilipakuliwa na zilisambazwa kwa wakati". Nilisimama mbele ya ule ubao na jirani yangu wa upande wa pili, baba wa watoto watano, mfanyakazi wa posho. Yeye ndiye "-kuliwa" ya hiyo "zilipakuliwa". Magunia ya kilo hamsini, siku tatu mfululizo kwa sababu malori yalichelewa na ripoti ilitakiwa iseme "kwa wakati". Siku ya tatu kitu kilikatika kiunoni. Mpaka leo anainuka kitandani kwa kushika kamba iliyofungwa kwenye mti wa paa. Tulipouliza kama tukio hilo linaweza kuandikwa, tukajibiwa kwa adabu kabisa kwamba fomu haina nafasi ya majina.

Najua jibu la pili, nimelisikia kwenye semina tatu: usalama wa taarifa za mkimbizi. Majina yetu yasitembee ovyo, yanaweza kutudhuru. Nakubali, nimetoka kuficha jina la kaka yangu hapo juu, nisiwe mnafiki. Lakini kuficha jina ni jambo moja, na kumfuta mtu ni jambo lingine. Mnaweza kuandika: "magunia yalipakuliwa na wakimbizi 14, siku 3, mmoja kaumia mgongo." Hakuna jina hapo. Hakuna siri iliyotoka. Lakini mfadhili aliyeko mbali akisoma atajua kwamba tani haitembei, na mwakani akitaka kupunguza posho ya wapakuaji itabidi apunguze watu, si neno. Mkishaandika "zilipakuliwa" na nukta, mmemrahisishia. Anapunguza kitu ambacho hakikuwepo.

Wapo kati yenu watakaoniambia nalinganisha visivyolingana: pale watu walikamatwa kwa nguvu, hapa mtu kaomba kazi mwenyewe na kapanga foleni. Sawa, tofauti ipo na ni kubwa, sitaki kuipunguza. Baba wa watoto watano ambaye haruhusiwi kutoka kambini kutafuta kibarua kaomba kazi mwenyewe. Nakubali. Ninacholinganisha si kamba na posho. Nalinganisha karatasi na karatasi. Mwandishi wa jeshi 1916 aliandika mzinga ulifika, na ninyi mmeandika unga ulifika, na mwandiko ni mmoja.

Na kijana naye nilimgeukia. Kwenye simu yake kuna watu wanaojua uzito wa mtutu mpaka kilo ya mwisho. Kujua si dhambi. Mimi mwenyewe nimeziandika kilo hapa. Lakini kilo hizo zilikuwa juu ya mtu. Ukizitaja bila yeye, umetaja mzigo umesahau kichwa.

Kuna kitu kimoja kuhusu ule mzinga wa Kigoma nimekiweka mwisho, kwa sababu kinawahusu nusu ya wasomaji wa jarida hili. Ile Graf von Götzen haikukaa na mzinga wake muda mrefu. Mwaka 1916 mzinga uking'olewa upelekwe kwa jeshi la nchi kavu, mahali pake ukawekwa wa mbao wa kudanganyia. Mwezi Julai Wajerumani wakaizamisha meli wenyewe wasiwaachie Wabelgiji, wakaipaka grisi injini zake kwanza, wakitarajia kurudi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na 1927 ikapewa jina jipya. Ni Liemba.

Ndiyo, hiyo hiyo. Mei 2015, sisi tuliokwama Kagunga, maelfu kwa maelfu kwenye ufukwe mwembamba, mlima nyuma na ziwa mbele, kipindupindu kimeingia, ni Liemba iliyokuja kututoa, watu mia sita kwa safari moja. Haikuweza kusogea ufukweni, gati hakuna. Mitumbwi ilitupeleka mpaka ubavuni mwake. Tukiwa juu, mzee mmoja wa Kigoma aliyekuwa akisaidia pale akatuonyesha sehemu ya mbele, akasema kwa fahari hapa palikuwa na mzinga mkubwa wa Mjerumani. Watu wakageuka kutazama chuma kitupu. Mimi nilitazama pia, uongo mbaya.

Wakati huohuo mama mmoja mzee alikuwa anapandishwa kutoka mtumbwini, kaishiwa maji mwilini, kafungwa ndani ya kitenge kama ingovyi. Kwenye orodha za siku ile, nina hakika, imeandikwa kwamba wagonjwa "walihamishwa". Waliomhamisha walikuwa wanne: wawili wa Nyanza-Lac, mmoja wa Mabanda, na mimi wa Makebuko. Kona ya kitenge iliyokuwa yangu ilikuwa imelowa na nilikuwa naogopa ugonjwa, nikageuza uso pembeni njia nzima. Hilo nalo liandikwe.

Nimenunua daftari la kurasa 96. Aliyewahi kubeba, au baba yake, au bibi yake, mzigo wa jeshi lolote au wa shirika lolote, aje kwangu Jumamosi baada ya mgao. Anayetaka kuandika jina aandike jina, anayeogopa aandike "mtu mmoja wa mlima fulani" na alichobeba, kilo ngapi, kutoka wapi mpaka wapi. Wa mashirika nao waje, hata wao nawajua wengine waliobeba magunia siku malori yalipokwama. Kijana wa simu ndiye anayeandika, mwandiko wangu siku hizi haukai kwenye mstari.